Stephen Curry: Kijana Aliyepitwa na Vyuo Vikubwa



Tarehe 25 Juni mwaka 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilifanya drafti yake. Kwa wewe usiyefuatilia mchezo huu, drafti ni siku ambayo timu za ligi hupokezana zamu za kuchukua vijana wapya, na timu zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo hupata zamu za mwanzo. Siku ile jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Blake Griffin. Jina la pili sisi wa Afrika Mashariki hatulisahau: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wa tatu James Harden. Wa nne Tyreke Evans. Kisha ikaja zamu ya Minnesota, ambao walikuwa na nafasi mbili mfululizo, ya tano na ya sita, na walikuwa wanatafuta mchezeshaji, yaani yule anayepandisha mpira na kuipangia timu mashambulizi. Wakamchukua Ricky Rubio. Halafu wakamchukua Jonny Flynn. Wachezeshaji wawili kwa mkupuo mmoja, na bado wakamwacha pale alipokaa kijana mwembamba aliyetoka chuo kidogo cha North Carolina. Huyo akaenda wa saba, kwa Golden State Warriors wa California.

Huyo wa saba ni Stephen Curry. Leo ana ubingwa wa NBA mara nne, tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu mara mbili, dhahabu ya Olimpiki, na hakuna binadamu aliyewahi kufunga mitupo ya pointi tatu mingi kama yeye katika ligi ile. Nataka tumfuate tangu shule hadi huko juu, kwa sababu katika safari yake nina jambo la kusema na walimu wa michezo, na wazazi, na wale ndugu zetu wanaosimama pembeni mwa viwanja na kalamu mkononi, wakiamua nani abaki kambini na nani arudi kwao.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 mjini Akron, jimbo la Ohio. Mji huohuo ndio aliozaliwa LeBron James, miaka mitatu na kitu kabla yake. Lakini hao wawili walipitia milango tofauti kabisa. LeBron alilelewa na mama peke yake, kwa shida, na mwili wake ulikomaa mapema. Akiwa bado sekondari magazeti ya nchi nzima yalikuwa yakimwandika, na mwaka 2003 alitoka darasani moja kwa moja akaingia NBA akiwa namba moja. Sheria ya siku zile iliruhusu. Tangu drafti ya mwaka 2006 ligi inamtaka kijana wa Marekani awe ametimiza miaka 19 na uwe umepita mwaka mzima tangu darasa lake limalize sekondari, na ndiyo maana vijana wengi wenye vipaji hupitia chuo walau msimu mmoja.

Curry kwa upande wake alizaliwa katika nyumba ya mpira. Baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16, na misimu 10 kati ya hiyo alikuwa Charlotte Hornets. Mama yake, Sonya, alikuwa mchezaji wa voliboli wa chuo kikuu cha Virginia Tech, chuo hichohicho alichochezea Dell. Watoto wao Stephen na Seth walikulia pembeni mwa uwanja, wakitupa mpira na wachezaji wenzake baba yao kabla ya mechi kuanza. Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia mtu anasimulia habari za Curry kama za yatima aliyetoka jalalani, mwambie apunguze chumvi. Nyumba ilikuwa na uwezo, shule ilikuwa ya kulipia, na mwalimu wa kwanza alikuwa mtu aliyeishi kwa mchezo huu.

Alichokosa kilikuwa mwili. Akiwa sekondari, katika shule ya Charlotte Christian, alikuwa mfupi na mkonde kiasi kwamba alishindwa kutupa mpira kwa namna ya kawaida. Mtupaji hodari huinua mpira juu ya paji la uso, akauachia kutoka pale, ili mlinzi aliye mbele yake asiufikie. Stephen alikuwa anautupa kutoka karibu na kiuno, kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu za kuufikisha kikapuni kwa njia nyingine. Mpira uliingia, tena uliingia sana. Lakini Dell aliona mbali zaidi: walinzi wa chuoni, warefu na wepesi, wangeuzuia mpira wa namna hiyo kila siku.

Basi katika likizo ya kiangazi, kati ya mwaka wa pili na wa tatu wa sekondari, baba akaamua kuuvunja mtupo wa mwanawe na kuujenga upya. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa wiki kadhaa mtoto alirudishwa karibu na kikapu, atupe kutoka hapo tu, kwa mikono iliyoinuliwa, mamia ya mipira kwa siku. Kwa maelezo ya wenyewe, kiangazi kile kilikuwa na machozi. Fikiria mtoto wa miaka 16 ambaye sifa yake pekee ni kutupa mpira, halafu ananyang'anywa hiyo sifa yenyewe, anabaki kukosa hata mipira ya karibu. Ilipofika wakati wa shule kufunguliwa, alikuwa na mtupo mpya, wa haraka, unaoachiliwa juu, na huo ndio mtupo ambao dunia inauona hadi leo.

Alipomaliza sekondari mwaka 2006 alikuwa na urefu wa kama futi 6, na uzito wake ulikuwa wa kijana ambaye bado hajakomaa. Makocha wa vyuo vikubwa vya ukanda wake walimwona, wakapima kwa macho, wakapita. Hata Virginia Tech, chuo cha wazazi wake wote wawili, hawakumpa ufadhili. Walimwambia anaweza kujiunga na timu kwa gharama zake mwenyewe, na huenda akakaa msimu wa kwanza bila kucheza. Waliompa ufadhili kamili walikuwa vyuo vichache vyenye majina madogo, na kimojawapo kilikuwa Davidson.

Tusimame kidogo hapo Davidson. Ni chuo kilichoanzishwa na Wapresbiteri mwaka 1837, katika mji mdogo kaskazini mwa Charlotte, na enzi za Curry kilikuwa na wanafunzi wasiofika hata 2,000. Kinajulikana kwa masomo magumu kuliko mpira. Kocha wake, Bob McKillop, alikuwa pale tangu mwaka 1989. Timu yake haikuwa imeshinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa ya vyuo tangu mwaka 1969.

McKillop amesimulia mara nyingi jinsi alivyomkubali Curry. Alikwenda kumtazama katika mashindano ya vijana huko Las Vegas, na siku hiyo kijana alicheza ovyo. Mipira haikuingia, pasi zilipotea. Lakini kocha akatazama mambo ambayo wengine hawakuyaandika katika daftari zao. Kijana hakumlalamikia mwamuzi. Alipotolewa alikaa benchi akiwashangilia wenzake. Kocha wake alipozungumza, alimtazama usoni akamsikiliza. McKillop akarudi nyumbani akiwa ameshaamua.

Novemba 2006 Curry akacheza mechi yake ya kwanza ya chuo, dhidi ya Eastern Michigan. Alipoteza mpira mara 13. Sijui kama wewe msikilizaji umewahi kuona mchezeshaji akipoteza mpira mara 13 katika mechi moja akaachwa uwanjani. Makocha wengi ninaowafahamu wangemweka benchi kabla ya mapumziko, na kesho yake angecheza mwingine. McKillop alimwacha acheze, na Davidson wakatoka nyuma wakashinda. Siku ya pili yake walikutana na Michigan, chuo kikubwa chenye jina. McKillop akampanga tena kijana yuleyule. Curry akafunga pointi 32. Msimu ulipokwisha alikuwa na wastani wa pointi 21.5 kwa mechi, na kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchi nzima aliyemzidi alikuwa Kevin Durant peke yake.

Mwaka uliofuata, Machi 2008, ndipo Marekani nzima ilipojifunza kulitaja jina la Davidson. Mashindano ya taifa ya vyuo huchezwa kwa mtoano: ukifungwa mara moja, unafunga virago. Davidson walianza na Gonzaga. Curry akafunga pointi 40, na 30 kati ya hizo alizifunga kipindi cha pili. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Georgetown, chuo kilichopangwa namba mbili katika kundi lao. Davidson wakawa nyuma kwa pointi 17 kipindi cha pili. Curry akafunga 30, wakashinda 74 kwa 70. Baada ya hapo mashindano yakahamia Detroit, na wakuu wa chuo wakafanya jambo lisilo la kawaida: walilipia mabasi, tiketi na malazi ili mwanafunzi yeyote anayetaka aende kushangilia. Huko Detroit wakawachapa Wisconsin 73 kwa 56, Curry akiwa na 33, na kati ya watazamaji alikuwepo LeBron James, amekuja mwenyewe kumwona mtoto wa Akron.

Safari iliishia mbele ya Kansas. Ilikuwa 59 kwa 57, Davidson wana mpira wa mwisho. Curry akazingirwa, akampa mwenzake Jason Richards, Richards akatupa, ukakosa. Kansas wakaendelea hadi wakatwaa ubingwa. Chuo cha watu wasiofika 2,000 kilibakiza mtupo mmoja tu kuingia katika timu nne bora za nchi yenye mamia ya vyuo vinavyocheza ngazi hiyo.

Kuna kisa kingine cha Davidson ambacho mimi nakipenda kuliko zile pointi 40. Novemba 2008 walicheza na Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola akaamua kwamba Curry atalindwa na watu wawili kila sekunde, awe na mpira au asiwe nao. Curry alipoligundua hilo, alikwenda akasimama kona ya uwanja, na wale walinzi wawili wakasimama naye huko. Uwanjani wakabaki wenzake wanne dhidi ya watatu. Davidson wakashinda kwa tofauti ya pointi 30, na mfungaji bora wa vyuo vyote vya Marekani akamaliza mechi bila pointi hata moja. Angeweza kulazimisha. Ana umri wa miaka 20, watu wa NBA wanamtazama, na takwimu zake ndizo zitakazompatia mkate. Akachagua kona.

Hayo yote, msikilizaji, yalifanyika bila mshahara. Kwa sheria za siku zile mwanamichezo wa chuo alipata ada, chumba, chakula na vitabu, basi. Haki ya kuingiza fedha kutokana na jina lake mwenyewe ilikuja mwaka 2021, Curry ameshaondoka zamani. Aliondoka mwaka 2009 baada ya miaka mitatu, akiwa amemaliza msimu huo na wastani wa pointi 28.6 kwa mechi, wa kwanza nchi nzima, na akiwa bado hajamaliza shahada yake. Lakini aliwaahidi mama yake na kocha wake kwamba ataimaliza. Ahadi hiyo tutairudia.

Sasa tumefika kwenye drafti tuliyoanza nayo. Kwa nini wa saba? Wapimaji wa timu walimwona ni mfupi kwa mfungaji, na kwa mchezeshaji walisema hajazoea kazi hiyo. Walitilia shaka nguvu zake dhidi ya walinzi wa NBA. Na kwa muda fulani ilionekana kana kwamba wenye shaka walikuwa sahihi. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri, pointi 17.5 kwa mechi. Kisha kifundo cha mguu wa kulia kikaanza kumsaliti. Akafanyiwa upasuaji mwaka 2011, akafanyiwa tena mwaka 2012. Msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu.

Machi 2012 Warriors walikuwa na uamuzi mgumu. Walikuwa na wafungaji wawili, Monta Ellis na Curry. Ellis alikuwa mzima wa afya, kipenzi cha mashabiki. Curry alikuwa na mguu mbovu. Wakamuuza Ellis kwa Milwaukee, wakambakiza mwenye mguu mbovu, na mashabiki wakaja juu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44. Kwa NBA hizo zilikuwa fedha za wastani, na wapo waliosema klabu imezitupa baharini. Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, alitia saini mkataba wa dola milioni 201 kwa miaka mitano, na hakuna mchezaji wa NBA aliyewahi kuvuka milioni 200 kabla yake.

Nini kilitokea hapo katikati? Mguu ulipona. Na mchezo wenyewe ukabadilika, na aliyeubadilisha zaidi ya wengine ni yeye.

Nieleze kidogo hesabu yake. NBA iliweka mstari wa pointi tatu msimu wa 1979–80. Mbele ya kikapu mstari huo uko mbali kiasi cha mita 7 na sentimita 24. Kwa miaka mingi makocha waliuona mtupo huo kama kamari, wa kutumia pale tu timu inapokimbizana na muda. Lakini chukua karatasi. Mchezaji anayetupa mara 100 kutoka karibu, akaingiza nusu, anapata pointi 100. Anayetupa mara 100 kutoka nyuma ya mstari, akaingiza 40 tu, anapata pointi 120. Curry kwa kawaida huingiza zaidi ya 40. Tena kwa kuwa anaweza kutupa akiwa hatua kadhaa nyuma ya mstari, mlinzi inambidi amfuate tangu katikati ya uwanja, na mlinzi akishatoka huko, nyuma yake kunabaki uwazi ambao wenzake Curry wanautumia. Ndiyo kusema anaisaidia timu hata asipougusa mpira, kama alivyofanya akisimama kona siku ile ya Loyola.

Msimu wa 2012–13 alifunga mitupo ya pointi tatu 272, rekodi. Mwaka 2015 akaivunja mwenyewe kwa 286. Mwaka uliofuata akafunga 402. Hakuna aliyekuwa amefika hata 300. Juni 2015 Warriors walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1975, chini ya kocha Steve Kerr, wakiwafunga Cleveland ya LeBron. Msimu wa 2015–16 walishinda mechi 73 wakafungwa 9, wakavunja rekodi ya Chicago Bulls ya Michael Jordan, na Curry akawa mtu wa kwanza kuchaguliwa Mchezaji Bora wa Msimu kwa kura zote, 131 kwa 131. Fainali ya mwaka huo wakaongoza mechi tatu kwa moja, kisha wakapoteza tatu mfululizo na kombe likaenda Cleveland. Durant akajiunga nao, wakatwaa mwaka 2017 na 2018.

Halafu akaanguka tena. Mwaka 2019 walifungwa fainali na Toronto, Durant akahama, mwenzao Klay Thompson akaumia goti, na mwanzoni mwa msimu uliofuata Curry akavunjika mkono. Timu iliyoshinda mechi 73 ikamaliza msimu ikiwa ya mwisho katika ligi nzima, imeshinda 15 na kufungwa 50. Wachambuzi wakaandika kwamba enzi imekwisha. Lakini tarehe 14 Desemba 2021, katika ukumbi uleule wa Madison Square Garden alikoitwa wa saba, akaipita rekodi ya Ray Allen ya mitupo 2,973 ya pointi tatu. Juni 2022, akiwa na miaka 34, akafunga pointi 43 ugenini Boston katika mechi ya nne ya fainali, Warriors wakabeba ubingwa, na kwa mara ya kwanza akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Agosti 2024 jijini Paris, fainali ya Olimpiki dhidi ya wenyeji Ufaransa, alifunga mitupo minane ya pointi tatu. Machi 2025 akafikisha mitupo 4,000 katika NBA.

Na ile ahadi? Mwezi Mei 2022, wiki chache kabla ya ubingwa ule wa nne, alikamilisha shahada yake ya sosholojia, miaka 13 baada ya kuondoka chuoni. Davidson wana utaratibu wao: jezi ya mchezaji haistaafishwi mpaka awe mhitimu, hata awe maarufu namna gani. Kwa hiyo jezi namba 30 ilimsubiri miaka yote hiyo. Mwezi Agosti chuo kikamfanyia mahafali yake na kuistaafisha jezi siku hiyohiyo. Mtu mwenye mamia ya mamilioni ya dola alivaa joho akapokea cheti, na chuo hakikulegeza sharti lake.

Kuna sehemu ya habari hii inayotugusa moja kwa moja. Katika msimu wa 2012–13 Curry alitoa vyandarua vitatu kwa kila mtupo wa pointi tatu alioufunga, kupitia kampeni ya kupambana na malaria ya Wakfu wa Umoja wa Mataifa. Baada ya msimu huo, mwaka 2013, alisafiri hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wanakoishi maelfu ya ndugu zetu waliotoka Kongo, akasaidia kufunga vyandarua katika nyumba zao.

Sasa nirudi kwa Hasheem Thabeet, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimemtaja ili nimcheke. Thabeet na Curry waliingia chuo mwaka mmoja, 2006, wakatoka mwaka mmoja, 2009. Thabeet alikuwa mlinzi bora wa ukanda wa Big East mara mbili, na chuo chake, Connecticut, kilifika naye timu nne bora za taifa. Alistahili kuitwa mapema. Lakini alianza mchezo huu akiwa tayari kijana mkubwa, na aliyeanza kwa kuchelewa anahitaji miaka ya kufundishwa. Memphis, timu iliyomchukua, hawakuwa na subira hiyo. Kabla hata msimu wake wa kwanza kuisha, Februari 2010, walimpeleka ligi ya chini. Akahamishwa timu baada ya timu, na mwaka 2014 NBA ikawa imemalizana naye. Wapimaji walitazama urefu wa mmoja wakatarajia makubwa kesho yake, wakatazama ufupi wa mwingine wakatarajia madogo. Wakakosea kwa wote wawili kwa kipimo kilekile.

Ndiyo maana nasema kilichomfikisha Curry, pamoja na kipaji, ni watu wenye ujuzi waliokubali kusubiri. Baba alivumilia kiangazi cha machozi. Kocha wa chuo alivumilia mipira 13 iliyopotea. Klabu ilivumilia mguu mbovu kwa misimu miwili. Mmoja kati ya hao angekosa subira, leo tungekuwa tunamzungumzia mwingine. Wapo watakaoniambia kwamba Curry alikuwa mtoto wa mwenye nacho, na sisi hatuna akina Dell majumbani. Ni kweli. Lakini McKillop hakuwa tajiri wala hakuwa ndugu yake. Alikuwa mwalimu aliyejua cha kutazama.

Walimu wa namna hiyo tunao, na wengine wananisikiliza sasa hivi. Kila mwaka tunaandaa michezo ya shule za sekondari, UMISSETA kwa Tanzania, na majirani zetu wana ya kwao. Kila mwaka mchujo unafanyika kwa siku chache, na mara nyingi anayebaki ni aliyekomaa mwili mapema. Mtoto mfupi wa kidato cha pili mwenye mikono mizuri anarudishwa nyumbani, na hakuna anayemfuatilia tena. Miaka miwili baadaye amerefuka futi nzima na ameshauacha mpira.

Kwa hiyo ombi langu kwako mwalimu ni hili. Mwaka huu, unapoandika orodha yako, mwachie nafasi mtoto mmoja mdogo asiyejaza macho lakini anayesikiliza, anayewashangilia wenzake, na anayebaki uwanjani wenzake wakishaondoka. Mpe misimu miwili. Akikosea mechi ya kwanza, mpange na ya pili. Na wewe mzazi, usimwambie mwanao achague kati ya mpira na kitabu, maana bingwa wa dunia alirudi kumaliza chuo akiwa na miaka 34.